Mbwa Anayejua Kuachia

Katika vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa kwa karne nyingi Lamu, Mombasa na Unguja, mbwa ana mtihani wake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kilikuwa nguzo ya masomo ya Kishafi katika mwambao wetu, anautaja mtihani huo pale anapozungumzia mawindo. Mnyama aliyeuawa na mbwa kabla mwindaji hajamfikia na kumchinja anaweza kuwa halali, lakini kwa sharti kwamba mbwa huyo awe amefunzwa, na neno la mwenye mbwa halitoshi kuthibitisha hilo. Kuna dalili za kutazamwa. Akitumwa, aende. Akikemewa, asimame. Akimkamata mnyama, amshike amngojee bwana wake, wala asimle. Tena mambo hayo yajirudie mpaka watu waridhike kwamba tabia imekaa, kwa maana siku moja ya bahati haimfanyi mbwa kuwa mwanafunzi aliyehitimu. Baadhi ya wanazuoni wa Kihanafi walitaja mara tatu. Sababu ya kumkataza asile imo katika hadithi ya Adiy bin Hatim, aliyemwuliza Mtume kuhusu mbwa wa kuwinda akajibiwa kwamba mbwa akishakula, nyama hiyo iachwe, kwa kuwa inahofiwa alijikamatia mwenyewe.

Katika dalili hizo, ni moja tu inayohusu kwenda. Zilizobaki zote zinahusu kujizuia: kusimama, kungoja, kutokula. Wanazuoni hawakujisumbua kumpima mbwa kama ana meno au kama anapenda kukimbiza paa, kwa sababu hayo mbwa huzaliwa nayo. Walichotaka kujua ni kama nguvu hiyo imepata lijamu, ili kitendo cha mnyama kiweze kuhesabiwa kuwa kitendo cha binadamu aliyemtuma. Nadai kwamba hapo ndipo penye kiini cha historia nzima ya kuwapima mbwa wa kazi, hata katika nchi ambazo wapimaji wake hawakuwahi kuisikia Minhaj. Mtihani huzaliwa mahali ambapo kitendo cha mbwa kinageuka kuwa uamuzi wa watu: nyama hii iliwe au itupwe, mtu huyu akamatwe au aachwe, mshitakiwa huyu afungwe au aende zake. Na mahali pote ambapo wapimaji walitazama ukali wakasahau kuachia, waliodhurika walikuwa watu wasio na hatia.

Huko Ulaya, kwa muda mrefu mbwa wa kazi hakuhitaji cheti. Mchungaji wa Ujerumani alimjua mbwa wake kwa kondoo wake. Kundi likirudi zima jioni, mtihani ulikuwa umekwisha. Mambo yalibadilika kuelekea mwisho wa karne ya 19, ambapo reli na viwanda vilienea, malisho yakapungua na sufu ya bei nafuu kutoka ng'ambo ikawanyima wachungaji soko. Mbwa wa kondoo alikuwa anakaribia kukosa kazi, na mbwa asiye na kazi huwa pambo. Aliyeliona jambo hilo mapema ni Max von Stephanitz, kapteni mstaafu wa askari wa farasi. Mwezi Aprili 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, alimnunua mbwa mmoja aliyemwita Horand von Grafrath, na mwezi huohuo yeye na wenzake wakaanzisha chama cha mbwa wa uchungaji wa Kijerumani, Horand akiwa wa kwanza katika daftari la ukoo. Von Stephanitz alishikilia kwamba uzuri wa mbwa ni kufaa kwake kazini. Lakini kama kondoo wanapungua, kufaa huko kutapimwa kwa nini? Mwaka 1901 yakaanza majaribio ya wazi ya mbwa wa ulinzi, ambayo Wajerumani waliyaita Schutzhund, na humo mbwa alitakiwa aoneshe kwamba bado ana pua, ana utiifu na ana moyo.

Soko jipya lilikuwa polisi. Mwaka huohuo wa 1899, mkuu wa polisi wa Ghent nchini Ubelgiji, Ernest van Wesemael, alianza kuwatuma askari wa doria ya usiku wakiwa na mbwa, kwa kuwa mji ulikuwa unakua na askari walikuwa wachache. Habari ilisambaa upesi katika Ujerumani na Uholanzi. Waholanzi walianzisha chama chao cha mbwa wa polisi mwaka 1907, na mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alitoa kitabu cha kufunza mbwa kilichotumiwa na majeshi kwa miongo kadhaa. Njia za Most zilikuwa ngumu, na mengi aliyoyaruhusu leo yangehesabiwa kuwa mateso. Hata hivyo alielewa jambo ambalo wengi kabla yake hawakulielewa: mbwa hafahamu wajibu wala sheria, anafahamu kinachofuata baada ya kitendo chake. Kwa hiyo mtu hawezi kumkabidhi mbwa dhamana ya kupambanua mwizi na mpita njia. Anachoweza ni kumjengea mazoea yanayokubali kusimamishwa.

Inafaa kukaa kidogo uwanjani, kwa sababu watu wengi hudhani mtihani wa ulinzi ni mashindano ya kung'ata. Mtihani huo, ambao siku hizi unaitwa IGP, una sehemu tatu zenye alama 100 kila moja: kufuata nyayo, utiifu, na ulinzi. Kabla ya hayo mbwa hutazamwa tabia tu, akiwa amesimama na bwana wake mbele ya mwamuzi asiyemjua. Akionesha woga au uchokozi usio na sababu, anarudishwa nyumbani kabla ya kugusa uwanja. Katika utiifu anatembea bila kamba kati ya watu, bastola inapigwa akiwa anatembea, na mbwa anayeshindwa kuvumilia mlio huo hana nafasi. Analazwa chini pembeni na kuachwa mbali na bwana wake huku mbwa mwingine akifanya kazi yake, na hapaswi kuinuka. Kisha inakuja sehemu ya ulinzi. Kuna mahema sita ya kujificha, na ndani ya moja amesimama mtu aliyevaa mkono wa kinga. Mbwa akimkuta ametulia, haruhusiwi kumgusa. Anamkalia mbele, anabweka, anamzuia asiondoke, basi. Ni pale tu mtu huyo anapokimbia au anapomshambulia ndipo mbwa anapong'ata, na anapong'ata anatakiwa ashike kwa kinywa kizima bila kutapatapa. Baadaye mtu yule anasimama kimya, bwana wa mbwa anatamka neno moja, na mbwa aachie. Asipoachia anaongezewa amri, na akikataa mpaka mwisho anaondolewa mtihanini, hata kama kila alichokifanya kabla ya hapo kilikuwa cha kupigiwa makofi.

Tazama mpangilio huo ulivyo. Muda wote mbwa anapandishwa hasira na kutulizwa, anapandishwa na kutulizwa, na mwamuzi anaandika kile kinachotokea katika kugeuka huko. Mbwa dhaifu wa moyo hujulikana kwa kuachia mapema, kabla hajaamriwa. Mbwa asiye na lijamu hujulikana kwa kutoachia kabisa. Anayefaulu ni yule aliye katikati, aliye na nguvu nyingi na anayeweza kuikabidhi nguvu hiyo kwa mtu mwingine. Hilo ndilo Nawawi alilokuwa akiliangalia katika mbwa wa paa, na kufanana huku hakunishangazi, kwa sababu swali lililoulizwa ni lilelile: je, mbwa huyu amekamata kwa niaba ya nafsi yake au kwa niaba ya aliyemtuma?

Kuna pingamizi ambalo mtu yeyote mwenye duka, ghala au boma atalitoa mara moja. Atasema kwamba yeye hahitaji mbwa msomi. Anahitaji mbwa wa kuogofya wezi usiku. Kwenye mageti ya Nairobi na Dar es Salaam tumeandika kwamba kuna mbwa mkali, na hakuna aliyeandika kwamba kuna mbwa mtulivu. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa kelele za mbwa peke yake huwafukuza wezi wengi, na mbwa wa kubweka hahitaji mtihani. Lakini linachanganya mambo mawili ambayo wapimaji wametumia zaidi ya karne moja kuyatenganisha, yaani ujasiri na woga. Mbwa anayerukia kila anayepita, aliyefungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku, mara nyingi ni mbwa mwoga. Anang'ata kwa sababu hana pa kukimbilia. Mwizi akimkabili kwa panga, mbwa hujificha nyuma ya tangi. Mtoto wa jirani akipita na mpira, mbwa humrarua. Waswidi walilichunguza jambo hili kuliko wengi. Tangu mwaka 1989 wana kipimo cha tabia ambamo mbwa hakutani na mhalifu yeyote wa kuigiza. Anapitishwa njiani, sanamu la nguo linanyanyuka ghafla mbele yake, mnyororo unaburutwa juu ya bati, watu wawili waliojifunika shuka nyeupe wanamsogelea polepole kama mizuka, bunduki inalia, na mtu mgeni anamwalika kucheza. Kila mbwa hushtuka. Kinachoandikwa ni muda anaochukua kutulia, na kama anarudi mwenyewe kwenda kunusa kile kilichomtisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikusanya matokeo ya mbwa 15,329 wa mbegu 164, na ukaonesha kwamba nyuma ya tabia kama kupenda kucheza, udadisi, kukimbiza na kuwakaribia wageni kuna msingi mmoja mpana, kuanzia mbwa mwoga hadi mbwa shupavu. Uchokozi ulikuwa tabia ya peke yake, haukufuatana na ushupavu huo. Utafiti mwingine wa wakati huohuo ulikuta kwamba mbwa shupavu ndio waliofanya vizuri zaidi katika mitihani ya kazi. Kwa mwenye ghala maana yake ni hii: mbwa mkali kwa kila mtu hajathibitishwa kuwa mlinzi wa kitu chochote.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka katika historia yenyewe ya Ujerumani. Chama kilichojivunia utiifu wa mbwa wake kiliangukia mikononi mwa Wanazi. Von Stephanitz alisukumwa pembeni katika chama alichokiasisi na akafariki Aprili 1936. Baada ya hapo mbwa wa mbegu hiyohiyo, waliofunzwa kwa njia hizohizo, walilinda nyua za kambi za mauaji. Mei 1963, mjini Birmingham katika jimbo la Alabama, polisi wa Marekani waliwaelekeza mbwa wao kwa vijana weusi waliokuwa wakiandamana kudai haki, na picha zake zikazunguka dunia. Januari 1998, Afrika Kusini ikiwa tayari huru, askari sita wa kikosi cha mbwa cha North East Rand waliwachukua wanaume watatu wa Msumbiji wasio na silaha, wakawaachia mbwa wawang'ate huku wao wakicheka na kurekodi. Walidai ilikuwa mazoezi ya mbwa. Filamu hiyo ilioneshwa na televisheni ya taifa Novemba 2000, na mwaka uliofuata wanne kati yao walikiri makosa wakafungwa. Basi mtu atauliza: mbwa hao hawakutii? Walitumwa wakaenda, wakaambiwa waachie wakaachia. Lijamu lilikuwepo, na halikumwokoa mtu. Mtihani wa kuachia una faida gani kama anayetamka neno la kuachia ndiye mwovu?

Sioni njia ya kulikwepa pingamizi hili, wala haifai kulikwepa. Utiifu peke yake ni chombo, na chombo humfuata mwenye nacho. Lakini kinachojitokeza hapa ni kwamba mtihani ulifanywa nusu: ulimpima mnyama ukamwacha mtu. Katika sheria ya mawindo mtu naye ana masharti yake. Mwindaji anatakiwa awe mtu ambaye kuchinja kwake kunakubalika, na atumiaye mbwa ndiye anayebeba hukumu ya kitendo. Polisi wengi wa karne ya 20 walimpa mbwa cheti na askari wakampa kamba. Ukiitazama kesi ya Afrika Kusini kwa jicho hilo, kilichoshindwa mtihani ni kikosi, na kilishindwa kwa sababu ndani yake kung'atwa kwa mtu kulikuwa kumeanza kuhesabiwa kuwa mafanikio ya mazoezi. Palipo na hesabu ya namna hiyo, hakuna mbwa atakayefunzwa kuachia kwa dhati, maana kila anayemfunza anasubiri ang'ate.

Tena kuna tawi moja la kazi hii lililokwenda mbali kuliko utiifu, nalo lilizaliwa katika vita. Mwaka 1916, mjini Oldenburg, daktari Gerhard Stalling alifungua shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofushwa vitani, wengi kwa gesi ya sumu. Mwaka 1927 Mmarekani aliyekuwa akiishi Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, aliandika gazetini kuhusu shule za namna hiyo za Ujerumani. Kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, akamwandikia barua, na mwaka 1929 wakaanzisha shule ya kwanza ya Marekani. Mbwa wa kipofu hupimwa kwa jambo ambalo Most angelikuta geni. Bwana wake anaposema twende, naye anaona gari linakuja au shimo liko mbele, anapaswa kukataa. Mtihani wake mkubwa ni kutotii amri mbaya. Wapo wanaosema kwamba hilo linavunja hoja yangu, kwa kuwa nimesema mbwa hupimwa kwa kujitoa katika matakwa yake na kuingia katika ya mtu. Naona linaitimiza. Kukataa kwa mbwa huyo ni kujizuia kulikofunzwa, tena kumefunzwa kwa kuwa waliomfunza walikubali mapema kwamba mtu naye hukosea, wakamwekea mtu huyo kizuizi. Laiti vikosi vya polisi vingelikuwa na unyenyekevu huo mapema.

Hadi hapa nimezungumzia meno. Pua ndiyo imeleta fujo zaidi mahakamani, na hapo ndipo historia hii inapotugusa moja kwa moja. Polisi wa Afrika Kusini walianza kutumia mbwa wa kufuata harufu mapema katika karne ya 20, na mwaka 1920 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo, katika shauri la Trupedo, ilikataa ushahidi wa namna hiyo kwa kuuona una mashaka mengi mno: mahakama haijui mbwa amenusa nini, wala haiwezi kumhoji. Mahakama Kuu ya Kenya ilichukua njia nyingine mwaka 1967 katika shauri la Omondi na mwenzake. Haikuufunga mlango. Ilisema ushahidi wa mbwa upokewe kwa tahadhari, na kabla ya kupokewa mahakama ielezwe mbwa huyo alifunzwaje na anaaminika kiasi gani. Kuambiwa tu kwamba amewahi kukamatisha watu elfu moja hakuridhishi chochote. Maneno hayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi yaliyowahi kusemwa kuhusu mbwa wa kazi katika bara lolote. Mahakama za Uganda zimeufuata mkondo huo, na katika shauri la Muheirwe, Mahakama Kuu ya huko iliorodhesha masharti: askari wa mbwa mwenyewe atoe ushahidi, aeleze mafunzo ya mbwa na kumbukumbu zake za usahihi, ieleweke nyayo zilikuwa katika hali gani, na mbwa asibebe kesi peke yake.

Kwa nini idadi ya waliokamatwa haithibitishi kitu? Kwa sababu inahesabu mara ambazo mbwa alisema ndiyo. Haituambii angefanya nini pale ambapo jibu sahihi lilikuwa hapana. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa Berlin farasi aliyeitwa Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato, na wasomi walimstaajabia mpaka Oskar Pfungst alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1907. Muulizaji asiyejua jibu alipouliza, Hans naye hakujua. Farasi alikuwa akiusoma mwili wa mtu: mabega yanavyokaza, kichwa kinavyoinuka kidogo hesabu ilipofika. Mbwa ana miaka mingi zaidi ya farasi ya kuishi akitutazama usoni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha jaribio walilofanya ndani ya kanisa na jozi 18 za mbwa wanusaji na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba karatasi nyekundu zinaonesha mahali palipofichwa harufu. Hapakuwa na dawa za kulevya wala baruti popote katika jengo zima. Waongozaji waliripoti zaidi ya mara 200 kwamba mbwa ameashiria, na karatasi zilivuta ripoti nyingi kuliko soseji zilizofichwa kumjaribu mbwa. Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kudanganya. Imani ya mtu ilitosha: ama ilimfikia mbwa kupitia kamba, ama ilimfanya mtu aone ishara isiyokuwepo.

Kwa hiyo mtihani wa kweli wa pua una chumba kitupu ndani yake. Mbwa apitishwe mahali pasipo na kitu, mwongozaji wake naye asijue kama kuna kitu au hakuna, na mbwa atoke kimya. Ukimya huo ndio kuachia kwa pua. Waongozaji wengi hulalamika kwamba mazoezi ya vyumba vitupu humchosha mbwa, naye asiyepata tuzo hupoteza hamu ya kutafuta. Ni kweli, na ndiyo sababu waalimu wazuri huyachanganya na humtuza mbwa kwa kumaliza kazi kwa usahihi. Tunao mfano wa karibu, ingawa si wa mbwa. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefunza tangu mwaka 2000 panya buku wa kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu, na kabla panya hajapelekwa kwenye uwanja wa mabomu hupimwa katika eneo ambalo mwongozaji wake hajui mabomu yamezikwa wapi. Makosa ya kuashiria mahali pasipo kitu huhesabiwa pamoja na makosa ya kupita juu ya bomu. Kama tunamdai panya usahihi huo kabla hatujamkabidhi mguu wa mkulima, hatuna udhuru wa kumdai kidogo mbwa anayepeleka mtu gerezani.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili natoa haki yake mara moja: mitihani hii yote inaweza kugeuka mchezo. Mbwa hujifunza ratiba. Anajua mtu yuko katika hema la sita, anajua mkono wa kinga ndio unaong'atwa, na wapo mbwa wenye vyeti ambao mkono huo ukivuliwa na kutupwa chini humwacha mhalifu wakaukimbilia. Kuwapima watoto wa mbwa nako kumeahidi kuliko kulivyotimiza. Waswidi waliwapima watoto 630 wa mbwa wa Kijerumani walipokuwa na majuma manane, wakawafuatilia hadi ukubwani, na kipimo cha utotoni hakikuweza kubashiri nani angefaa kazi. Lakini kasoro hizi zinaonesha ni mtihani gani haufai. Mtihani unaojulikana mapema, unaofanywa mara moja, na unaosimamiwa na anayemuuza mbwa, huo ni sherehe. Unaorudiwa, wa kushtukiza, unaosimamiwa na asiye na faida katika matokeo, na ambao kufeli kwake kuna maana, unabaki kuwa njia pekee tuliyo nayo ya kujua kitu kuhusu mnyama asiyeweza kujieleza. Zaidi ya karne saba zilizopita wanazuoni walitaka jambo lijirudie mpaka dhana iwe na nguvu. Hatujapata kanuni bora.

Kampuni za ulinzi katika miji yetu zinakodisha mbwa kwa usiku mmoja mmoja, na polisi, wahifadhi wa wanyamapori, bandari na viwanja vya ndege vinazidi kuwatumia wa kunusa. Anayenunua au kukodi mbwa wa ulinzi asiombe kuoneshwa anavyong'ata. Aombe kuoneshwa anavyoitwa arudi akiwa katikati ya mbio, na anavyoachia kwa neno moja, mbele ya mtu asiyemzoea, mara tatu kwa siku tofauti. Mkuu wa kikosi ahesabu mara ambazo mbwa aliitwa akarudi bila kumgusa mtu, na aziweke katika taarifa yake ya mwaka pamoja na waliokamatwa. Na wakili anayemtetea mtu aliyefikiwa na mbwa mlangoni kwake adai daftari la majaribio ya vyumba vitupu. Likikosekana, hakimu aandike katika hukumu kwamba halikuletwa, na ushahidi wa mbwa huyo auweke kando.